Pikipiki Iliyomkataa Mama

Fundi wa pale Kisian aliinamisha kikombe cha kabureta juu ya mfuniko wa ndoo ya rangi, petroli ikamwagika, na pamoja nayo kikatoka kidude cha rangi ya dhahabu, kifupi kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Kiligonga mfuniko kikatulia. Pikipiki yangu ni ndogo na ya zamani, naipanda kwenda kufundisha, na wiki hiyo ilikuwa imenitesa vya kutosha. Ikisimama ilinguruma vizuri kabisa. Nikiipanda na kuvuta mafuta, inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima.

"Umeona, Mwalimu?" fundi akasema. Alikuwa kijana mcheshi, mikono myeusi mpaka viwikoni. "Hii ndio ilikuwa inakusumbua. Jeti imejifungua ikaanguka ndani. Hii ndio inapimia injini mafuta. Ikitoka mahali yake, mafuta inaingia mingi, injini inalewa. Na huwezi jua, kwa sababu ikisimama inaimba tu. Shida ni ukipanda."

Nilikuwa nimekiokota kile kidude na kukiweka jichoni, nikaona nukta ya mwanga upande wa pili, vile vile nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka minane. Kilikuwa na mfuo wa kuingizia bisibisi upande mmoja, na nambari ndogo ubavuni. Kimoja kama hicho nilikivaa shingoni utoto wangu wote. Na miezi minne kabla ya siku hiyo, mbele ya umati wa watu, nilikuwa nimekitupa kwa heshima ndani ya kaburi la baba yangu mdogo.

"Mwalimu, petroli imekuingia kwa macho?" fundi akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani kwetu kulikuwa chini ya barabara ya Busia, mahali ambapo mashamba ya mtama huishia kwenye matete ya ziwa. Baba alikuwa mtu wa bodaboda. Alikuwa mrefu, miguu yake ilitokeza huku na huku akiwa juu ya ile pikipiki ndogo, na watu wa steji walimtania kwamba yeye ndiye anayeibeba. Aliipenda kupita kiasi. Aliifuta kwa fulana yake ya ndani, kisha akaivaa fulana hiyo hiyo, Mama akipiga kelele kutoka jikoni. Ilipoharibika hakuigusa, aliipeleka kwa fundi na kukaa pembeni ameshika tama, maana yeye alijua kuendesha tu.

Na kuendesha alimfundisha Mama. Jambo hilo halikujulikana na mtu mwingine pale nyumbani. Wakati wa kiangazi maji ya ziwa yalipokuwa yamerudi nyuma, yaliacha uwanja mkavu nyuma ya matete, na Jumapili baada ya kanisa tulishuka huko sisi watatu. Mama alifunga leso kiunoni juu ya sketi ya kanisani, akapanda. Baba alikimbia kando yake amemshika bega, akisema, "Klachi polepole, Min Akoth! Polepole! Si mbuzi hiyo!" Min Akoth maana yake mama yake Akoth, kama Mama naye alivyomwita Wuon Akoth, baba yake Akoth, na Akoth ni mimi. Nilikaa juu ya mchanga nikicheka mpaka tumbo likaniuma. Sijawahi kumwona Mama akiwa na uso ule tena, wa mtu anayeogopa na kufurahi kwa pamoja.

Haukuwa mchezo, kwa Mama. Alinunua samaki ufukweni na kuwabeba kwa karai kichwani hadi barabarani, ndipo atafute namna ya kufika soko la Obunga mjini kuwauza. Alifika wakati wenzake wameshamaliza, macho ya samaki wake yameshaingia ukungu, na wateja wakiwabonyeza kwa kidole na kukunja pua. Baba alimwambia siku moja watanunua ya pili, yeye abebe watu, Mama abebe samaki. "Utafika kabla ya jua," alimwambia. Mama aliiamini siku hiyo moja.

Lakini Baba alikunywa. Siyo kila siku, ila akinywa alikunywa kama mtu aliyetumwa. Mama alimkanya, akambembeleza, akanyamaza, akamkanya tena. Mwishowe macho ya Baba yakageuka manjano kama iliki iliyokauka, tumbo likamvimba, akalazwa. Siku ya mwisho tulipomtembelea nilikuwepo, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikila ndizi aliyoshindwa kuila. Aliomba kitu, sikusikia ni nini, na Mama akalipuka. Nadhani ulikuwa uchovu tu. Alisema, "Nilikuambia, Wuon Akoth. Nilikuambia mpaka nikakauka mdomo. Sasa nani atakuonea huruma?" Baba alijigeuza polepole, kwa shida, akaelekea ukutani. Mama akaweka chupa ya uji juu ya kabati, akanishika mkono, tukatoka. Kesho yake tulipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Nataka msomaji wangu aukumbuke ukuta ule. Mama hakuusahau hata siku moja.

Sasa nimtaje Baba Mdogo. Odongo alimfuata baba yangu kwa kuzaliwa, na alikuwa kipenzi changu. Alijua kupiga mluzi kwa kutumia jani la mtama. Alinirusha juu na kunidaka. Alikuwa amekaa mjini kwa muda, kule Obunga, kwa fundi mmoja wa pikipiki, akarudi nyumbani na bisibisi tatu na maneno mengi, na tangu hapo mashine yoyote pale kijijini ikikohoa aliitwa yeye kwanza. Baba peke yake ndiye hakumwita. Nilidhani ni kwa sababu ya undugu, mtu hataki kumsumbua mdogo wake. Watoto huwapa wakubwa sababu nzuri bila kuombwa.

Baada ya mazishi, kwetu huja siku ya keyo nyinyo, siku ya kugawa vyuma vya marehemu: jembe lake, panga lake, mkuki kama alikuwa nao. Wazee hukaa, vitu huwekwa chini mbele yao, na kila kitu hupewa mwenyewe mpya. Baba hakuwa na mkuki. Alikuwa na jembe, redio, kofia ya pikipiki na pikipiki yenyewe, iliyokuwa imefunikwa gunia nyuma ya jikoni tangu alipolazwa.

Alasiri, siku moja kabla ya hiyo, Mama alikuwa ndani na akina mama wa kanisa, wanaimba na kuomba. Mimi nilichoka na nyimbo, nikazunguka nyuma. Nikamkuta Baba Mdogo amechuchumaa kando ya pikipiki, gunia ameliweka pembeni, kabureta imefunguliwa na kikombe chake kimekaa juu ya kifuniko cha sufuria. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Ilikuwa harufu ya Baba, ile iliyokuwa kwenye koti lake na kwenye viganja vyake aliponishika mashavu, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe nikalia machozi ya kweli.

Baba Mdogo alishtuka. Aliponiona ni mimi, akapumua.

"Nyathina, mwanangu, unalia nini?"

"Unafanya nini?"

"Ninaiosha. Pikipiki ikikaa bila mwenyewe inashika uchafu kwa roho yake. Kesho wazee watataka kuiona, si iwe safi?"

Nikachuchumaa kando yake. Juu ya kile kifuniko, karibu na kikombe, kulikuwa na kidude kinachong'aa. Nikakiokota. Akaniambia nirudishe, nami nikakikunjia ngumi nikaendelea kulia. Alinitazama muda mrefu. Mpaka leo naweza kuiona ile sura, na mpaka leo sijajua ilikuwa sura ya nini. Kisha akacheka.

"Basi kaa nayo," alisema. "Ni ya babako. Iweke vizuri."

Akafunga kikombe bila kidude kile, akakaza skrubu mbili, akaifunika pikipiki gunia.

Nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Watu wote walikuwa wameniambia nisilie, nimwachie Mungu, niwe mtoto mkubwa. Yeye peke yake alinipa kitu. Jioni nilimwonyesha Mama. Aliuliza nimekitoa wapi, nikasema Baba Mdogo amenipa, ni cha Baba. Mama akakigeuza kwenye mwanga wa taa, akakipuliza, akaona kina tundu. Akachomoa uzi mmoja wa nailoni kutoka kwenye wavu uliochakaa, akaulowesha kwa mate, akaupitisha kwenye tundu lile kwa subira, akanifunga shingoni mafundo matatu.

"Chunga kisipotee," aliniambia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa shingoni, na mama yangu ndiye aliyekifunga.

Kesho yake wazee walikaa uani kwenye viti vya kuazima. Jembe likaenda kwa binamu, redio kwa babu. Ilipofika zamu ya pikipiki, Mzee aliyekuwa akiongoza, ndugu mkubwa wa ukoo mwenye kikohozi kisichokwisha, akamgeukia Baba Mdogo kama jambo la kawaida. Hapo Mama akasimama. Alikuwa amevaa shati la Baba, kama mjane anavyofanya kwetu, mikono ya shati imemzidi.

"Mzee, naomba kusema."

"Sema, Min Akoth."

"Hiyo pikipiki naomba ibaki na mimi. Samaki yangu inaharibika kwa njia. Na mimi najua kuendesha. Mwenyewe alinifundisha."

Wakacheka. Siyo kwa ubaya, walicheka kama watu waliosikia kuku akiomba kiti. Mzee akakohoa, akawanyamazisha.

"Alikufundisha?"

"Kule chini kwa matete. Mtoto alikuwa anaona."

Macho yote yakanijia. Nikaitikia kwa kichwa. Mzee akatafakari, kisha akasema jambo ambalo hata sasa, pamoja na hasira zangu zote, naona lilikuwa la haki: kama mwenyewe alimfundisha, basi apande mbele ya watu. Ikienda naye, iende naye.

Baba Mdogo hakubisha. Aliisukuma pikipiki mpaka katikati ya ua, akapiga kiki mara moja. Ikawaka. Ikanguruma pale ilipo, taratibu, sauti ile ile ya Baba akirudi nyumbani, na wanawake wengine wakashika vinywa. "Iko sawa kabisa," alisema. Mtu mmoja akamwambia aijaribu kwanza yeye. Akarudi nyuma na kuinua mikono. "Hapana, ndugu zangu. Kitu ya marehemu haijasemwa ni ya nani, mimi naipanda aje? Hiyo ni mwiko." Wazee wakamsifu kwa adabu.

Mama akafunga leso kiunoni. Akapanda. Akaingiza gia, akaachia klachi polepole kama alivyofundishwa, akavuta mafuta, na pikipiki ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikazima.

Wakasema ni woga, ajaribu tena. Baba Mdogo akaiwasha kwa tabu kidogo, ikaimba. Mama akavuta mafuta, ikazima. Mara ya tatu ilisogea hatua kama nne, ikitikisika, Mama amejiinamia mbele akisema kitu kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu nikamsikia. Alikuwa anasema, "Tafadhali, Wuon Akoth. Tafadhali." Ikazima.

Hapakuwa na kicheko tena. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Amemkataa." Neno hilo likazunguka ua mzima, na lilipomfikia Mama nililiona likimfikia. Hakushangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiitarajia.

Hata hivyo hakukata tamaa pale pale. Aliomba aipeleke kwa fundi, Mzee akamruhusu. Tukaisukuma sisi wawili mpaka barabarani, jua la saa nane, mimi nikisukuma kutoka nyuma na kidude kikiruka kifuani mwangu kila hatua. Fundi alikuwa mtu wa makamo aliyemjua Baba. Alitoa plagi, akakuta imelowa petroli, nyeusi kama mkaa. Akaisugua kwa msasa, akairudisha. Akawasha, ikaimba. Akamwambia Mama ajaribu. Ikazima. Fundi akachukua spana akainama kuifungua kabureta. Alikuwa ameshashika skrubu ya kwanza alipotazama shati la Mama.

"Hii si ya jamaa yetu?"

"Ni yake."

"Na mumeshamaliza mambo ya nyumbani?"

Mama akamweleza. Hakuficha kitu, hakuwa mtu wa kuficha. Fundi aliposikia kwamba imezima mara tatu mbele ya wazee, aliweka spana chini, akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama, pole sana. Hii si kazi ya spana. Hii maneno ya nyumbani, malizeni nyumbani kwanza."

Skrubu mbili. Nimezifungua mwenyewe tangu nilipojua, kwa majaribio, na hazichukui hata dakika tano. Angekuta shimo tupu mahali pa jeti, angeuliza jeti iko wapi, na pengine angeinua macho na kuiona ikining'inia shingoni mwa mtoto aliyesimama mbele yake. Lakini alikuwa mtu mwema, aliyeheshimu wafu. Wema wa watu kama hao umetugharimu kuliko ubaya wa wengine.

Tukaisukuma kurudi. Njiani Mama alisema mara moja tu, akiwa anatazama mbele: "Bado ameangalia ukuta." Nilielewa anasema nini. Tulipofika, alimkabidhi Baba Mdogo ufunguo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu chakula. Wiki hiyo hiyo Baba Mdogo akaonekana barabarani, koti linapepea, pikipiki inaruka kama mpya. Hapakuwa na haja ya kuuliza tena. Marehemu alikuwa ameamua.

Na hapa ndipo pananichoma zaidi, kwa hiyo niseme bila kuzunguka. Mimi niliamini. Niliamini kuliko wao wote, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Baba alimkataa Mama lakini mimi alinitumia zawadi, kwa mkono wa ndugu yake. Nilikiweka kidude jichoni, nikatazama kupitia tundu lile kuelekea jua, na kile kinukta cha mwanga nikajua ni yeye. Nikaanza kuwa mtoto wa baba yangu peke yake. Mimi na Mama tukahamia Nyamasaria, upande wa pili wa mji, kwenye chumba cha kupanga, yeye akiendelea kubeba karai kichwani, na kila aliponikaripia nilishika kidude changu kama mtu anayemwita wakili.

Siku moja alikataa nisiende kwa Baba Mdogo wakati wa likizo. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Ndiyo maana Baba alikukataa."

Alikuwa anapepeta mchele. Mikono haikusimama. Alisema tu, "Ndiyo." Baadaye aliniruhusu niende.

Nilienda, na Baba Mdogo akanipakia mbele, juu ya tangi, kama alivyokuwa akifanya Baba. Upepo ukinipiga, kidude kikigonga chuma cha tangi, ti, ti, ti. Chini yake kidogo tu, upande wa pili wa chuma hicho, kulikuwa na kabureta kilikotoka, sasa ikiwa na jeti nyingine mahali pake. Nimekaa juu ya pikipiki ya mama yangu nikicheka, mikononi mwa aliyeiiba, nimevaa alichoibia. Kama kuna picha ya utoto wangu ningependa ichomwe ni hiyo.

Baba Mdogo alizeeka vizuri. Akawa mzee wa kanisa, akajenga, akasimamia harambee za watu. Alipokufa, pikipiki zilisindikiza jeneza lake kutoka Kisian mpaka nyumbani, zikipiga honi. Nikaombwa niseme neno kwa niaba ya watoto wa ndugu. Nikasimama chini ya hema na maikrofoni, nikawaeleza: juu ya mtoto aliyefiwa na baba, akilia nyuma ya jikoni, na mtu mmoja pekee aliyemwona. Nikakitoa kidude, nilichokuwa nimekihifadhi ndani ya Biblia tangu nilipoanza sekondari. "Alinipa kitu cha baba yangu," nikasema, "na leo namrudishia, akampelekee mwenyewe." Watu walifuta machozi. Kwenye kaburi nikakitupa pamoja na udongo wa kwanza, na wakapiga makofi.

Mama alikuwepo. Alikaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ameuelekeza kwenye kaburi la Baba lililokuwa hatua kumi tu kutoka pale. Miaka yote hakuwahi kulikaribia. Alisema mtu hawezi kujipeleka mahali alipokataliwa.

Kwa hiyo siku ile pale Kisian, fundi alipoirudisha jeti mahali pake na kunipa pikipiki yangu, nilipanda, nikavuta mafuta, na ikaenda. Iliondoka laini bila kikohozi hata kimoja. Nikapita mjini bila kuona mtu, moja kwa moja mpaka Nyamasaria.

Mama alikuwa mlangoni, anachagua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Sasa ni mzee, shingo yake imezama kidogo kwa ajili ya yale makarai. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia ya pikipiki mkononi, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Alinisikiliza akiendelea kutoa dagaa waliooza mmoja mmoja. Nilipofika kwenye jeti, mikono ikasimama.

"Odongo aliifungulia wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Wewe ulikuwa ndani na akina mama wa kanisa."

"Na hiyo kitu ndiyo nilikufunga na uzi ya nyavu."

"Ndiyo, Mama."

Akatazama mikono yake, upande mmoja na wa pili. Nilingoja alie, au amlaani yule mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemlaani njia nzima. Nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno la mlangoni, na nilikuwa nalitafuta neno la kuanzia aliposema:

"Kwa hivyo hakukataa."

"Hakukataa, Mama. Hakuulizwa."

Jirani akapita, akatusalimu, akaenda zake. Kisha Mama akasema, "Na wewe uliniambia alinikataa."

"Nilikuambia."

"Ulikuwa mtoto," alisema, lakini hakunitazama, na sikuthubutu kulihesabu hilo kuwa msamaha. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amefunga leso kiunoni. "Nipeleke."

Nikampakia nyuma. Alinishika mbavu kwa nguvu safari nzima, na tulipoiacha lami pale Kisian na kuanza kuteremka kuelekea ziwani nilimsikia akinong'ona nyuma ya sikio langu, bila kujua anasema kwa sauti, "Klachi polepole."

Kaburi la Baba Mdogo lina vigae vyeupe na picha yake akitabasamu. La Baba ni tuta tu, lilikuwa limemezwa na nyasi mpaka msalaba ukabaki nusu. Mama alipita kwenye vigae vile kana kwamba ni jiwe la njiani. Mimi nilisimama pale nikifikiria kilichokuwa chini yake, kidogo kuliko kucha, futi sita ndani ya ardhi, mkononi mwa mtu niliyemkabidhi mwenyewe nikishangiliwa.

Mama alipiga magoti. Akaanza kung'oa nyasi, kwa mikono mitupu, akizikung'uta udongo na kuziweka upande. Nilipoinama kumsaidia alinizuia kwa kiwiko. Aliendelea mpaka tuta likaonekana lote, kichwani hadi miguuni, na ndipo akaweka kiganja juu ya udongo, upande ule ambao uso wa mtu ungekuwa.

"Wuon Akoth," alisema. "Nilidhani ni wewe."